Nani Alichora Barabara Ile?

Mwaka juzi, katikati ya msimu wa mvua, mama mmoja wa kijiji chetu hapa Nakivale alishikwa na uchungu saa tisa za usiku. Simu ikapigwa, gari la wagonjwa likatoka. Dereva alikuwa mgeni, hajamaliza hata mwezi kazini, kwa hiyo alifuata ramani ya simu yake. Ramani ikamwonyesha njia ya mkato, mstari ulionyooka kutoka barabara kubwa hadi kwetu. Akaufuata. Kumbe mstari ule unakatiza kinamasi cha mafunjo. Wakati wa kiangazi mtu anapita pale na baiskeli bila kulowa. Wakati wa mvua hata bata anafikiri mara mbili.

Gari lilizama. Sisi vijana tukaamshwa, tukambeba mama kwa kitanda cha kamba, tukazunguka naye kwa njia ya juu. Tulitembea zaidi ya saa moja gizani. Mama alipona. Mtoto hakulia.

Mimi nafanya kazi na vijana, si daktari. Mkunga alituambia kwamba hata gari lingewahi, pengine mambo yangekuwa yale yale. Simlaumu dereva, na yeye alitembea nasi usiku ule akiwa ameshika tochi. Lakini tangu siku ile swali moja halikunitoka kichwani: nani alichora barabara ile? Mtu gani alikaa mahali akasema hapa gari linapita? Nilianza kutafuta jibu, na jibu likanirudisha nyuma karibu miaka hamsini. Nimeandika hapa nilichokipata, kwa sababu naona kinatuhusu wote, sisi tunaoishi hapa na ninyi ndugu mnaokuja kufanya kazi na sisi.

Saa zilizo angani

Simu ya dereva ilijua vizuri mahali alipo. Kosa halikuwa hapo. Kujua mahali ulipo ni kitu kimoja, kujua njia ya kupita ni kitu kingine, na kila kimoja kina historia yake.

Cha kwanza kilianza kwa askari. Mwaka 1973 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mpango wa kutumia setilaiti kuongoza meli, ndege na silaha zake. Ndiyo GPS hii. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mwaka 1995 mfumo ukatangazwa kuwa umekamilika, setilaiti 24 zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita kama 20,200. Ndani ya kila setilaiti kuna saa za atomu zilizo sahihi mno. Kila wakati inatangaza: mimi ni fulani, niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Kipokezi ulichoshika mkononi kinapima ule ujumbe umechukua muda gani njiani, na kutoka hapo kinajua umbali. Kikisikia setilaiti nne, kinajua ulipo.

Kwa nini saa iwe sahihi kiasi hicho? Kwa sababu ishara inasafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita kama 300,000 kwa sekunde moja. Gawa sekunde mara milioni moja, ukikosea kipande kimoja tu, umejiweka mita 300 mbali. Hapa kwetu hiyo ni ng'ambo nyingine ya kinamasi.

Niseme pia jambo ambalo watu wengi wananiuliza kwa hofu. Kipokezi cha GPS hakitumi kitu chochote juu angani. Kinasikiliza tu, kama redio ya betri. Setilaiti haijui wewe ni nani wala kama upo. Kinachoweza kutoa habari zako ni simu yenye intaneti na programu ulizoziruhusu zijue ulipo. Hapo ndipo pa kuangalia.

Raia waliingiaje kwenye kitu cha askari? Kupitia msiba. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, iliyotoka New York kwenda Seoul, ilipotea njia ikaingia anga la Umoja wa Kisovieti, ikatunguliwa. Watu wote 269 waliokuwemo walikufa. Mwezi ule ule serikali ya Rais Ronald Reagan ikatangaza kwamba GPS ikikamilika, raia wa dunia nzima wataitumia bure. Lakini bure ile ilikuwa na kasoro. Wamarekani waliichafua makusudi ishara ya raia ili adui asipate usahihi, na kipokezi cha dukani kikawa kinaweza kukosea mpaka mita 100. Rais Bill Clinton ndiye aliyeamuru uchafuzi ule uzimwe, ukazimwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Asubuhi vifaa vile vile vya jana, bila kubadilishwa hata betri, vilikuwa vinakosea mita 10 au 20 tu.

Fikiria hapo. Kwa miaka mingi mtu wa kawaida hakuweza kujua yuko upande gani wa barabara, na sababu ilikuwa ni uamuzi wa watu ofisini.

Ramani ya harambee

Baada ya 2000 watu walijua walipo. Walichokosa ni ramani ya kuweka ndani ya kile kifaa. Uingereza, kwa mfano, ilikuwa na ramani nzuri sana za idara ya serikali inayoitwa Ordnance Survey, lakini data zake ziliuzwa, na zilikuwa na masharti makali. Mwaka 2004 kijana mmoja aliyekuwa anasoma London, Steve Coast, akaanzisha OpenStreetMap. Wazo lake lilikuwa jepesi: kila mtu atembee na kipokezi chake, kwa miguu au kwa baiskeli, kifaa kiache alama za alikopita, kisha arudi nyumbani achore barabara juu ya alama zile na kuandika jina lake. Ramani iwe ya wote. Yeyote aitumie, na yeyote akiona kosa alisahihishe.

Watu walicheka. Walisema ramani ni kazi ya serikali na wataalamu. Lakini sisi tunajua harambee ni nini. Mmoja analeta tofali, mwingine maji, mwingine analeta mikono tu, na darasa linasimama. Mwezi wa Mei 2006 kundi la wajitolea lilikwenda kisiwa cha Wight, kusini ya Uingereza, na kwa wikendi moja wakazunguka karibu barabara zake zote. Mwisho wa mwaka ule kampuni ya Yahoo ikaruhusu picha zake za setilaiti zitumike kuchorea, na mwaka 2010 Microsoft ikafanya hivyo pia. Hapo kazi ikageuka. Sasa mtu hakulazimika tena kutembea. Aliweza kukaa kwake, akaangalia picha, akachora barabara ya nchi ambayo hajawahi kufika.

Hapo pana baraka, na hapo pia ndipo mkosi wetu ulipoanzia.

Mashine haioni matope

Ramani ya namna hii ndani yake si picha. Ni nukta nyingi, na mistari inayounganisha nukta, na maneno yanayosema mstari ule ni kitu gani: barabara ya lami, njia ya miguu, mto. Mashine inayokutafutia njia haioni kitu kingine zaidi ya hayo.

Namna ya kutafuta njia ilivumbuliwa zamani kidogo. Mwaka 1956 Mholanzi Edsger Dijkstra, akiwa na miaka 26, alikuwa amekaa mkahawani Amsterdam na mchumba wake, wamechoka kuzunguka madukani. Akajiuliza: njia fupi kutoka mji wa Rotterdam hadi Groningen mtu anaipataje? Kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi, akapata jibu, akalichapisha mwaka 1959. Unaanza pale ulipo. Unahesabu gharama ya kufika kila njia panda iliyo jirani. Unachagua ile yenye gharama ndogo kuliko zote, unasimama pale, unahesabu tena majirani zake, na hivyo hivyo mpaka unafika. Programu za leo zina mbinu nyingi za kuharakisha, lakini msingi ni ule ule.

Sasa ona inavyoweza kukosea. Mistari miwili ikikutana kwa macho lakini haina nukta moja ya pamoja, kwa mashine haijakutana. Itakuzungusha kilomita kumi kwa sababu ya pengo lisiloonekana. Na kinyume chake, mstari ukikatiza kinamasi na hakuna aliyeandika kwamba pale maji yanajaa wakati wa mvua, kwa mashine ile ni barabara kama nyingine. Tena ni nzuri, maana ni fupi. Mashine haijui matope. Inajua kilichoandikwa tu.

Kwenye OpenStreetMap kila mstari una historia yake, ulichorwa lini, na nani, kwa kutumia nini. Jioni moja nilikaa na vijana wetu wawili tukafungua historia ya ule mstari wa kinamasi. Ulichorwa miaka mitatu kabla, na mjitolea wa bara jingine, kutokana na picha ya setilaiti. Tukaitazama picha yenyewe. Ilipigwa kiangazi. Njia inaonekana nyeupe kabisa, ya baiskeli na ng'ombe, imenyooka kama rula. Hata mimi ningeichora.

Tulimwandikia. Alijibu siku ya pili, kwa unyenyekevu, akatuuliza: "Mvua ikinyesha panakuwaje?" Hilo ndilo swali ambalo hakuna picha inayoweza kulijibu.

Kibera, Haiti, Lubumbashi

Nisije nikaeleweka vibaya. Kazi ya hawa watu wa mbali imeokoa wengi.

Mwaka 2009 kule Nairobi, mtaa wa Kibera ulikuwa na watu tele, lakini kwenye ramani nyingi palikuwa pameachwa patupu. Wageni wawili, Erica Hagen na Mikel Maron, wakaungana na vijana 13 wa Kibera wenyewe. Vijana wakapewa vipokezi, wakatembea vichochoro vyao, wakaweka vyoo, maji, zahanati, shule, makanisa na misikiti. Kazi hiyo ikaitwa Map Kibera. Kumbuka kwamba waliotembea ni wenye mtaa.

Miezi michache baadaye, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ardhi likaangusha Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Ramani ya wazi ya mji ule ilikuwa na barabara kubwa chache tu. Kampuni za setilaiti zikatoa picha mpya, na mamia ya wajitolea duniani wakachora usiku na mchana. Kwa siku chache mji ukaonekana, mitaa, majengo yaliyoanguka, kambi za watu waliokosa nyumba. Waokoaji waliipakua ramani ile wakaiingiza kwenye vipokezi vyao vya Garmin, wakaenda nayo barabarani mahali ambapo hakukuwa na intaneti. Kutokana na kazi ile likaundwa shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team, mwaka ule ule wa 2010.

Mwaka 2014, Ebola ilipoingia Guinea, madaktari wa MSF waliokuwa Guéckédou waliomba ramani ya vijiji, na wajitolea wakaichora. Mwezi wa Novemba mwaka huo MSF, Humanitarian OpenStreetMap Team na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza wakaanzisha Missing Maps, ili sehemu zilizosahaulika zichorwe kabla ya janga, siyo baada. Kati ya miji ya mwanzo ulikuwepo Lubumbashi, huko kwetu Congo, ambako kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Wa mbali walichora nyumba na barabara kutoka kwenye picha. Wanafunzi wa pale pale Lubumbashi wakatembea kuandika majina ya mitaa. Bila majina, mgonjwa akisema anakotoka, daktari hajui pako wapi.

Kwa hiyo mpango wenyewe una hatua mbili: wa mbali anachora, wa karibu anatembea na kusema. Hapa kwetu hatua ya kwanza ilifanyika. Ya pili hakuna aliyeifanya. Hilo ndilo jibu la swali langu, na nilipolipata lilinichoma, kwa sababu wa karibu ni mimi.

Swali la mzee

Tukaanza. Vijana sita, vipokezi viwili vya zamani tulivyoazimwa, na simu zetu. Siku ya kwanza tu mzee mmoja wa Kivu akatusimamisha mbele ya nyumba yake.

"Mutoto wangu, hii karte munapelekea nani?"

Nikamwambia ni ya watu wote, mzee, kila mtu ataiona.

"Kila mutu? Na bale tulikimbia?"

Sikuwa na jibu. Akatukalisha chini, akatuambia kwamba sisi batu ba Kivu karte haijawahi kutuletea mazuri. Na historia iko upande wake. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uligawa bara hili bila Mwafrika hata mmoja mezani. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza wakakaa Brussels wakakubaliana mipaka ya sehemu zetu, kisiwa cha Ijwi kikawa cha Congo, watu wa ukoo mmoja wakaamka wako nchi mbili. Mpaka leo watu wanauawa wakiulizwa wewe ni wa upande gani wa ule mstari. Wale pia walichora njia na mipaka ya mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kufika.

Jioni ile tulibishana sana. Mmoja wetu alitaka tuache kabisa. Mwingine akasema tukiacha, mstari wa kinamasi utabaki pale pale. Mwisho tukakubaliana sheria zetu, na mpaka leo tunazifuata. Tunaweka barabara, madaraja, visima, shule, zahanati, soko. Hatuweki jina la mtu wala la familia. Hatuandiki mtaa upi una kabila gani au taifa gani. Hatuweki nyumba za watoto wasio na wazazi, wala mahali wanapohifadhiwa kina mama waliokimbia vipigo. Mtu akisema hapa kwangu msipite, hatupiti. Tulirudi kwa mzee tukamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akaongeza moja: msiandike pia njia ambazo watu walipita kuja huku. Tukaiongeza.

Kuna jambo la majina pia. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, kila kundi linakuja na jina lake. Pana kilima kimoja ambacho Wakongomani tunakiita kwa jina la mama aliyekuwa anauza mandazi pale, Wasomali wanakiita vingine, na wenyeji Wanyankole wana jina la tangu mababu. Tuandike lipi? Tuliuliza wote. Ramani ile inaruhusu majina mengi kwa lugha mbalimbali, kwa hiyo tukaweka la wenyeji mbele, maana ndio wenye nchi, na yetu yakafuata.

Kilichotushinda

Ule mstari wa kinamasi tuliurekebisha kwa mikono yetu. Tukaandika kwamba ni njia ya miguu, na kwamba wakati wa mvua haipitiki. Tukachora njia ya juu, ile tuliyopita na mama, tukahakikisha nukta zake zimeungana na barabara kubwa. Tukajaribu kwenye simu: inatupeleka juu. Tulifurahi, sitaficha. Tukanunua soda.

Miezi mitatu baadaye gari jingine lilikwama pale pale.

Nilimfuata dereva nikiwa na hasira, nikamwomba nione kifaa chake. Mstari wa zamani ulikuwa bado upo. Hapo nikajifunza kitu cha mwisho. Kifaa kisichotumia intaneti kina nakala ya ramani, na nakala inabaki kama ilivyokuwa siku ile ilipoingizwa. Sisi tulisahihisha ramani yenyewe. Nakala yake ilikuwa na zaidi ya mwaka, hakuna mtu aliyekuwa amepewa kazi ya kuibadilisha. Safari hii gari lilikuwa limebeba sabuni. Mungu alitusaidia.

Basi naomba mawili, na yote hayana gharama kubwa.

Ndugu wa mashirika, kila ofisi yenye magari iwe na mtu mmoja ambaye kila mwanzo wa mwezi anaingiza nakala mpya kwenye simu na vipokezi vyote, na kabla ya mvua arudie. Na dereva mgeni, kabla hajaamini kifaa, aulize mtu wa pale. Bodaboda wote wanajua.

Ndugu zangu wa kambini, daraja likivunjika, kisima kikikauka, njia mpya ikifunguliwa, tuambieni. Tunakutana Jumamosi saa nane, chini ya mti ulio nyuma ya uwanja wa mpira. Huhitaji kujua kompyuta wala Kiingereza. Mama yule wa usiku ule anakuja mara nyingi. Yeye ndiye aliyetuonyesha vivuko vingine vitatu ambavyo hatukuvijua, maana anachota kuni upande ule. Siku alipokuja mara ya kwanza aliomba aonyeshwe njia ya juu kwenye simu. Akaifuata kwa kidole polepole mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, ni hii." Kisha akatuuliza kama tumeandika kwamba pale kwenye kona pana jiwe kubwa, usiku mtu anaweza kujikwaa.

Hatukuwa tumeandika. Tumeandika sasa.